Mwanga wa kwanza wa supanova: katikati ya picha, kipeo cha pili, kipeo huru au kiolezo?

Nukta tatu za penseli kwenye karatasi ya grafu iliyokunjwa mara nne. Mwanafunzi wangu wa kidato cha sita aliiweka mezani, akaigeuza inielekee, akauliza: "Mwalimu, hii supanova ilianza kuwaka lini?" Nikamjibu palepale, bila hata kutafuta kalamu: saa sita usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba. Akashangaa. Mimi nikajiona bingwa.

Usiku ule nyumbani Gungu, hapa Kigoma, umeme ulikatika, kompyuta imebaki na chaji ya nusu saa, nikairudia hesabu kwa njia nyingine. Jibu likaja jioni ya tarehe 1. Nikaijaribu ya tatu: mchana wa tarehe 29 Novemba. Nukta ni zilezile tatu na hakuna aliyezigusa, lakini majibu yameachana kwa siku mbili na ushei. Asubuhi ilibidi nimwite yule kijana nimwambie kwamba jana nilimjibu kama mpiga ramli.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliye kwenye hali kama yangu. Siku hizi huhitaji kumiliki darubini kubwa ndipo upate grafu ya mwanga ya supanova, yaani nyota inayolipuka. Mradi wa ATLAS, wenye darubini Hawaii, Chile na Afrika Kusini, unamruhusu mtu yeyote kujiandikisha, kuandika mahali pa nyota angani na kuletewa faili la namba bila malipo. Faili lenyewe ni maandishi matupu, halimalizi bando. Shida huanza likishafunguka, maana njia za kulisoma ni nyingi na kila moja inajiona ndiyo yenyewe.

Kwanza, tunatafuta saa ya nini?

Ukienda porini upande wa Uvinza ukamkuta mchoma mkaa, utaona amepanga magogo, ameyafunika kwa majani na udongo, kisha ametia moto kupitia tundu moja. Moshi hautoki juu dakika ileile. Mtu aliye kilima cha pili ataweza kusema moshi ulianza saa ngapi. Saa ya kiberiti ataikisia tu.

Supanova ni vivyo hivyo. Kwa jitu kuu jekundu, nyota yenye kipenyo mara mamia ya Jua, kiini kinaporomoka kwa muda usiofika hata sekunde moja, lakini wimbi la mshtuko linaweza kusafiri karibu siku nzima kabla ya kutoboa juu. Nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, ndizo zinazotoroka mapema. Mfano tunaoujua kwa saa na dakika ni SN 1987A, nyota iliyolipuka kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu. Hiyo ilikuwa ya buluu na ndogo kuliko majitu mekundu, kwa hiyo safari ya wimbi ilikuwa ya saa chache tu. Tarehe 23 Februari 1987, saa 4 na dakika 35 asubuhi kwa saa zetu za Tanzania, nyutrino dazeni mbili hivi zilinaswa na vitambuzi vya Japani, Marekani na Umoja wa Kisovyeti. Saa 6 na dakika 22 mchana, kwao ikiwa usiku, Albert Jones wa New Zealand alitazama eneo lile kwa darubini yake asione kitu kipya. Saa 7 na dakika 38 mchana, picha ya Robert McNaught kutoka Australia ilikuwa nayo tayari.

Aina ya Ia, ambayo ni mlipuko wa kibete cheupe (masalia ya nyota iliyozimika) chenye ukubwa unaokaribia wa Dunia, haina blanketi zito kama hilo. Lakini mwanga tunaouona unatokana na nikeli-56 inayooza, nusu yake ikiisha kila siku 6 hivi, na nikeli hiyo imefukiwa ndani. Joto lazima lipenye nje. Kwa hiyo kunaweza kuwa na kipindi cha giza, saa kadhaa hata siku chache, ambapo nyota imeshalipuka na sisi hatujui.

Njia zote zilizomo humu zinajibu swali la moshi. Ukiandika kwenye ripoti yako "saa ya mlipuko" huku umepima mwanga wa kwanza, umeshakosea kabla hata hujafika kwenye namba.

Katikati ya picha mbili

Hii ndiyo njia ya mtu mvivu, na ninaipenda. Unachukua picha ya mwisho iliyokuwa tupu na picha ya kwanza yenye nyota, unaandika saa ya katikati. Kosa lako haliwezi kuzidi nusu ya pengo. Wataalamu wa takwimu huligawa pengo kwa 3.46 wapate kosa la kawaida: pengo la siku mbili linatoa kama siku 0.6. Haikuulizi nyota ni ya aina gani, imekaa umbali gani, wala imefunikwa na vumbi kiasi gani.

Inapoumiza ni kwenye neno "tupu". Jioni moja nilikuwa ufukweni Kibirizi, mitumbwi ya dagaa imeshatoka, taa zinajitokeza moja moja ziwani. Nilikuwa nimekaa na mzee mmoja anayetengeneza nyavu.

"Mzee, ile taa ya mwisho kule kusini, imewashwa saa ngapi?"

"Mimi nimeiona sasa hivi, mwalimu. Kuwashwa, kamuulize aliyeiwasha. Huenda alikuwa nyuma ya Bangwe muda wote."

Kisha akaongeza, bila mimi kuuliza, kwamba kukiwa na mbalamwezi hata wao hawatoki, kwa sababu taa haivuti dagaa anga likiwa jeupe. Darubini nazo zina ugonjwa huohuo. Picha iliyopigwa mwezi ukiwa mpevu haiwezi kuona nyota hafifu, kwa hiyo utupu wake hauna uzito sawa na utupu wa usiku wa giza totoro. Kabla hujaitumia picha tupu, uliza ingeweza kuona kitu chenye mwanga kiasi gani. Kama kiwango chake kilikuwa magnitudo 17 na nyota siku ya kwanza ilikuwa 18 (kwenye magnitudo, namba ikikua nyota ni hafifu zaidi), picha hiyo haijakwambia lolote. Hata Jones na darubini yake wanaingia humu: alichotuthibitishia ni kwamba saa ile nyota ilikuwa bado haijafikia kiwango ambacho angeweza kuiona.

Pengo likiwa dogo kweli, hakuna hesabu itakayoishinda njia hii. Mwaka 2016 Víctor Buso, mtu anayetazama nyota kwa mapenzi yake mwenyewe huko Rosario, Argentina, alikuwa anajaribu kamera mpya kwenye darubini yake ya sentimita 40. Akaielekeza kwenye galaksi NGC 613, akapiga picha mfululizo, na nyota ikatokea humohumo katikati ya picha zake. Hiyo ndiyo SN 2016gkg. Pengo lake lilikuwa la dakika. Na SN 2023ixf, aliyoigundua Koichi Itagaki wa Japani tarehe 19 Mei 2023, ilitokea kwenye galaksi M101 ambayo wapiga picha wa anga duniani kote wanaipenda. Watu wakarudi kwenye picha zao za siku zilizotangulia, hii ina nyota, ile haina, mpaka mwanga wa kwanza ukabanwa kwenye saa chache za usiku wa tarehe 18 kwa saa zetu. (M101 tunaiona hata Kigoma na Tabora, upande wa kaskazini. Haipandi juu ya nyuzi 31, lakini inaonekana.)

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: pengo likiwa chini ya nusu siku na picha tupu ikiwa ya kuaminika, chukua katikati, kaandike ripoti, ukalale.

Kipeo cha pili na kipeo huru, bega kwa bega

Hapa ndipo watu wanagombana, na ndipo mimi nilipoteleza.

Kipeo cha pili kina hoja inayoeleweka hata na mtoto wa kidato cha pili. Mlipuko ni tufe linalotanuka. Kama linatanuka kwa kasi isiyobadilika, nusu-kipenyo chake kinakua sawasawa na muda. Eneo la tufe linakua kwa kipeo cha pili cha nusu-kipenyo. Kama joto la juu halibadiliki sana, mwanga unakua kwa kipeo cha pili cha muda tangu kuanza. Basi. Tena kina raha yake ya mezani: ukichukua kipeuo cha pili cha kila kipimo cha mwanga na kukichora dhidi ya tarehe, nukta zinakaa kwenye mstari mnyoofu. Weka rula, urefushe mstari mpaka uguse sifuri, hapo ndipo mwanga ulipoanza.

Nukta za yule kijana zilikuwa hivi (namba nimezilainisha ili uzifuate kwa kichwa): saa sita usiku wa kuamkia tarehe 3 mwanga ulikuwa 4, wa kuamkia tarehe 4 ulikuwa 9, wa kuamkia tarehe 5 ulikuwa 16. Vipeuo vyake ni 2, 3, 4. Mstari unashuka hatua moja kila siku na kugusa sifuri usiku wa kuamkia tarehe 1. Ndiyo maana nilijibu haraka vile. Namba zilikaa vizuri mno, nami nikadhani uzuri ni ushahidi.

Sasa legeza sharti. Sema mwanga unakua kwa kipeo cha 1.5. Badala ya vipeuo vya pili unapata 2.52, 4.33 na 6.35, mstari unagusa sifuri tarehe 1 saa 11 kasoro jioni. Sema kipeo ni 3: vipeuo vya tatu ni 1.59, 2.08 na 2.52, na sifuri inaangukia tarehe 29 Novemba kama saa 8 mchana. Utasema, lakini hizo za mwisho hazikai kwenye mstari mnyoofu kama zile za kwanza. Kweli, zimepinda kidogo. Weka makosa ya kipimo ya asilimia 10 kwa kila nukta, jambo la kawaida kabisa kwa nyota iliyo hafifu, na hutaweza tena kuapa kuwa huo mpindo si wa bahati mbaya.

Huo ndio ugomvi wote. Kipeo na tarehe vinashikana mikono: ukikipandisha kipeo, tarehe inarudi nyuma, ukikishusha, inasogea mbele. Anayefunga kipeo kwenye 2 hajautatua ugomvi, ameufunika. Programu itamtolea kosa dogo la kupendeza, na kosa hilo linahesabu kelele za kamera tu. Shaka kuhusu kipeo chenyewe halimo.

Lakini tusikitukane kipeo cha pili. Kuna siku kilipatia hasa. SN 2011fe, nayo iliyotokea M101, miaka ya nuru milioni 21 hivi kutoka hapa, ilinaswa tarehe 24 Agosti 2011 ikiwa na umri wa saa 11 tu tangu mwanga wa kwanza. Peter Nugent na wenzake walikadiria mwanga huo uliifikia Dunia tarehe 23 Agosti, saa 1 na dakika 29 usiku kwa saa zetu, kujumlisha au kutoa dakika 20. Kigoma jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama upande wa Kongo. Na walipokiachia kipeo kiwe huru, data yenyewe ikachagua 2.01. Ukisoma habari hiyo peke yake unaweza kuamini 2 ni sheria ya Mungu.

Miaka miwili baadaye ikaja SN 2013dy. Nukta yake ya kwanza ilipatikana kama saa mbili na nusu tu baada ya mwanga wa kwanza, na mkunjo wake, yaani grafu yake ya mwanga, ulikataa kipeo kimoja. Ulianza na kipeo kilicho karibu na 1, kisha baada ya siku chache ukapanda kuelekea 1.8. Darubini ya Kepler, iliyokuwa ikipima mwanga kila nusu saa bila kujali usiku wala mchana wa Dunia, ikaonyesha kwamba SN 2018oh ilikuwa na mwanga wa ziada siku zake za mwanzo, kisha ikarudi kwenye mwendo wa kawaida. Na mwaka 2015 Robert Firth na wenzake walipochukua supanova 18 za aina ya Ia na kuacha kipeo huru, wastani ulikuja 2.44. Basi 2 ni jirani mwema, si mwenye nyumba.

Kipeo huru nacho kina gharama. Unauliza data maswali matatu kwa mpigo: ilianza lini, inakua kwa kipeo gani, na inapanda kwa ukali gani. Nukta tatu haziwezi kujibu maswali matatu na zikabakiza nguvu ya kukwambia kama zimekosea. Mimi naanza kukiamini nikiwa na nukta saba au nane kwenye mpando, na angalau mbili ziwe za siku tatu za mwanzo. Pungufu ya hapo kitakupeleka popote. Nimeshaona programu ikiniletea kipeo cha 6 na tarehe ya wiki mbili kabla ya picha ya kwanza, bila aibu.

Kinachomwokoa mtu hapo katikati ni zile picha tupu, na wengi huzitupa. Tuzirudie nukta zetu. Tuseme ipo picha ya saa sita usiku wa kuamkia tarehe 2 isiyo na kitu, na tunajua ingeonyesha chochote kinachozidi 1.2. Kipeo cha 3 kinadai kwamba usiku ule mwanga ulipaswa kuwa 1.44. Ungeonekana. Haukuonekana, kwa hiyo tarehe 29 Novemba inaanza kupepesuka. Kipeo cha 2 kinadai 1.0, na cha 1.5 kinadai 0.43, vyote viwili vinapita. Picha moja isiyo na nyota imekata karibu nusu ya wasiwasi.

Jambo jingine: usipande mno. Sheria ya kipeo ni ya mwanzo tu. Mkunjo ukikaribia kilele unaanza kuinama, na ukiingiza nukta za huko huku umefunga kipeo kwenye 2, rula inalala na tarehe inavutwa nyuma. Wengi hukata kwenye asilimia 40 ya mwanga wa kilele, yaani kama magnitudo moja chini yake. Nami nakata hapo.

Kiolezo

Hii ni ya anayefika msibani watu wameshatawanyika. Huna nukta za mwanzo, una kilele na siku za kushuka. Unachukua umbo la wastani la supanova za Ia, unalivuta au kulibana mpaka likae juu ya data, kisha unahesabu kurudi nyuma kutoka kilele. Adam Riess na wenzake mwaka 1999 walipata siku 19.5 kutoka mwanzo hadi kilele kwa nyota ya kawaida. Waliofuata wamekuwa wakizunguka kati ya 17 na 19 na kitu. Uzito wa tofauti hizo ndio kosa lako: siku moja, hata mbili. Nyota zinazofifia polepole huchukua muda mrefu kupanda, kwa hiyo kuvuta na kubana kunasaidia, lakini hakumfanyi mtu aliyechelewa awe alikuwepo. Ni kama kumtazama mtoto anavyotembea ukasema amezaliwa mwezi fulani. Mwezi, ndiyo. Saa, usijaribu.

Kama unahitaji tarehe ya kuchorea grafu ya darasani au kupanga nyota 50 kwa umri, kiolezo kinatosha na kina faida moja kubwa: hakirukiruki.

Kuna pia wanaotumia mikunjo laini ya kitakwimu isiyo na fizikia ndani yake. Mizuri kwa kuziba mapengo yaliyo katikati ya nukta. Kwa kutafuta mwanzo ulio nje ya nukta, hapana; ikitoka nje ya data inaelea tu.

Nyota yako ikiwa si Ia

Kila nilichosema kuhusu kipeo cha pili kinachechemea hapa. Jitu jekundu likilipuka, mwanga wa mwanzo ni wa gamba lililochomwa na wimbi la mshtuko na sasa linapoa. Linatanuka na kupoa kwa pamoja, kwa hiyo lile sharti la joto lisilobadilika limekufa siku ya kwanza. Mpando wa supanova hizi ni wa haraka, wiki moja hivi. Ukilaza kipeo cha pili juu yake, tarehe inakimbilia nyuma, wakati mwingine nyuma ya picha tupu iliyo safi kabisa. Ukiona hivyo, njia imekufa, usiitetee.

Mbadala ni mifano ya kupoa kwa mshtuko, kama ile ya Nir Sapir na Eli Waxman ya mwaka 2017. Inakupa mwanzo pamoja na makadirio ya ukubwa wa nyota kabla haijafa, jambo ambalo kipeo hakiwezi. Lakini inataka vipimo vya rangi kadhaa, hasa za buluu na urujuanimno, na inafanya kazi gamba likiwa bado na joto la nyuzi elfu nane hivi kwenda juu. Kwa faili la ATLAS lenye rangi mbili utahangaika. Njia nyingine ni kulinganisha kasi ya gesi kwenye spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) na ukubwa wa tufe angani, wazo la Robert Kirshner na John Kwan la mwaka 1974, linalotoa tarehe na umbali kwa pamoja. Nzuri sana ukiwa na spektra. Sisi huku tunategemea waliokwisha kuzipima.

Kwa nyota hizi, basi, mimi narudi kwa mzee wa Kibirizi: katikati ya picha mbili, nikiuangalia vizuri mwezi.

Vitu vidogo vinavyoharibu hesabu

Fanya kazi kwenye kiasi cha mwanga, usitumie magnitudo. Faili la ATLAS lina safu ya uJy na ya kosa lake duJy; hizo ndizo za kutumia. Usiku wa kabla ya nyota utakuta namba zinazocheza juu na chini ya sifuri, nyingine hasi. Usizifute. Mwanafunzi wangu alizifuta zote kwa sababu "mwanga hauwezi kuwa hasi", akabaki na zile zilizobahatika kuwa juu, na nyota yake ikaanza kuwaka mwezi mmoja kabla ya wakati.

Rangi zisichanganywe. Herufi c na o kwenye faili ni vichujio viwili tofauti, kila kimoja na grafu yake.

Tarehe zimeandikwa kwa mfumo wa MJD, siku zinazohesabiwa kutoka Novemba 1858, kwa saa za dunia. Ongeza 0.125 upate saa za Tanzania. Kwa mfano 60082.75 ni tarehe 18 Mei 2023, saa 3 usiku kwetu.

Kama galaksi iko mbali, muda wenyewe umevutika. Kwa mwekundiko (kipimo cha mvutiko huo, redshift) wa 0.05, mpando wa siku 19 utauona ukichukua karibu siku 20. Kwa katikati ya picha mbili haijalishi. Kwa kiolezo inajalisha sana.

Vumbi na umbali, kwa upande mwingine, viache. Vinapunguza mwanga wa nukta zote kwa kiwango kilekile, na mstari wako utagusa sifuri palepale.

Ningechukua ipi

Swali la kwanza ni unaitakia nini tarehe hiyo. Anayetafuta mawimbi ya mvutano au nyutrino anataka dirisha la kutafutia, na dirisha pana lililo la kweli ni bora kwake kuliko jembamba lililokosea mahali. Huyo mpe mipaka miwili ya picha, tena umwongezee siku ya safari ya wimbi la mshtuko. Anayetaka kujua kama kibete cheupe kilikuwa na jirani aliyegongwa na mlipuko anahitaji mwanzo mkali kabisa na umbo la siku za kwanza; huyo hana njia ila kipeo huru, au vipeo viwili vilivyoungwa, na data nyingi. Bila data nyingi, abadilishe swali.

Kwa Ia yenye nukta za kutosha: kipeo huru, na kipeo cha pili kando yake kama shahidi. Vikikubaliana, kama kwa 2011fe, furahi. Visipokubaliana, tofauti yao ndiyo kosa lako halisi, iandike hivyo. Kwa Ia yenye nukta tatu au nne: kipeo cha pili kwa ajili ya tarehe, lakini kosa lichukue kwa kukitembeza kipeo kutoka 1.5 hadi 3, kisha ukate kwa picha tupu. Hii ndiyo njia niliyopaswa kuitumia siku ile. Inachukua dakika kumi na kikokotoo cha simu.

Yule kijana nilimkuta maktaba wakati wa mapumziko. Nikamweleza yote, pamoja na lile la kupiga ramli. Alisikiliza, kisha akatoa karatasi yake, akafuta kwa raba saa niliyompa jana, akaandika: tarehe 1 Desemba, kujumlisha au kutoa siku moja. Akaitazama.

"Mwalimu, jana ilikuwa nzuri zaidi."

Nikamwambia akatafute kama kuna picha ya tarehe 2.